Ngoma za Kijijini Zikipanda Jukwaani

Tarehe 1 Machi 1794, watu wa Warsaw walikwenda kutazama opera mpya ya Wojciech Bogusławski, muziki wa Jan Stefani. Opera ilizoeleka kuwa ya wakubwa, mara nyingi kwa Kiitaliano. Safari hii walioimba ni wanakijiji wa karibu na Kraków na watu wa milimani, wakigombania mchumba kwa ngoma zao wenyewe. Poland ilikuwa imemegwa na majirani mara mbili tayari. Maonyesho matatu tu, ikapigwa marufuku. Mwezi haukuisha, Kościuszko akaanzisha vita vya ukombozi.

Hapa Kiambu tunaijua hadithi hiyo. Kule Kamiriithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Tarehe 2 Oktoba 1977 wakaanza kuonyesha Ngaahika Ndeenda, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa Kikuyu. Humo mna Gĩtiiro, yale majibizano ya arusi yanayoimbwa na pande mbili. Wanakijiji waliwasahihisha waandishi: mzee haongei hivi, wimbo huu hauimbwi vile. Kufikia katikati ya Novemba kibali kikafutwa. Mwaka ulipokuwa unaisha, Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa Kamiti, si mbali na hapa Ruiru. Mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa.

Lakini kuna tofauti. Poland ilibanwa na wageni; Kenya ilikuwa huru miaka 14. Tena ngoma za asili zilikuwa zikichezwa mbele ya viongozi kila sikukuu ya taifa, na wakipigiwa makofi. Basi shida ilikuwa nini? Shida ni kwamba Kamiriithu ngoma ilitaja shamba. Kĩgũũnda ana ekari moja na nusu. Anaiweka rehani apate mkopo wa arusi ya kanisani, na ardhi inaishia kwa tajiri Kĩoi. Utamaduni ukiwa pambo, serikali inaupenda. Ukiuliza taifa ni la nani, unafungiwa.

Mwaka 2022 mchezo ulirudi jukwaani Nairobi. Ruiru yetu, ambako mashamba ya kahawa yanageuka ploti, hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini mtu anatundika hatimiliki ukutani.