Upepo na Kipimo Chake: Kutoka Mwambao Hadi Mlima Meru

Watu wa mwambao wetu waliujua upepo kabla haujapata kipimo. Kaskazi, unaovuma tangu Desemba hadi Machi, uliyaleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi; kusi, unaoshika nguvu kati ya Juni na Septemba, uliyarudisha kwao. Baina ya misimu hiyo ilikuwa tangambili, wakati ambapo nahodha mwenye busara hakuiamini bahari. Upepo uliitwa kwa jina la kule utokako, si kule uendako, na kanuni hiyo ndiyo itumiwayo na wataalamu wa hali ya hewa duniani kote. Elimu ya wazee wetu, basi, haikuwa kubahatisha.

Tusidhani kwamba upepo huo hukomea ufukweni. Kusi hubeba unyevu wa Bahari ya Hindi hadi bara, ukakutana na Mlima Meru, wenye kimo cha meta 4,566. Hapo hulazimika kupanda, na kwa kupanda hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu na mvua. Ndiyo maana miteremko ya kusini, juu ya mji wa Arusha, imejaa migomba na mibuni ya Waarusha na Wameru, ilhali upande wa kaskazini, kule Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki, nchi ni kavu. Upepo mmoja humpa baharia safari na mkulima mavuno.

Kuupima upepo ni kazi ya karne chache. Mwaka 1846, Thomas Romney Robinson wa Ireland alitengeneza kipimaupepo cha vikombe vinne vinavyozungushwa na upepo. Idadi ya mizunguko ndiyo inayotaja kasi. Katika Afrika ya Mashariki, idara moja ya hali ya hewa iliundwa mwaka 1929, ikiwa na makao Nairobi. Kuanzia mwaka 1967 idara hiyo ilikuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa Arusha. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, upepo haukujua mipaka mipya, bali wapimaji wake walitengana. Tanzania ikatunga sheria yake ya hali ya hewa mwaka 1978 na kuanzisha kurugenzi yake. Tarehe 30 Novemba 1999 mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha. Siku tatu baadaye, kurugenzi hiyo ikawa Wakala, ambao uligeuzwa kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania mwaka 2019.

Lakini kuwa na chombo si kuwa na ukweli. Kipimaupepo hutakiwa kusimama mahali peupe, kwenye mlingoti wa meta 10. Kikifichwa nyuma ya minazi au ukuta, kitasema uongo kila saa. Katika fukwe mashuhuri duniani za mchezo wa ubao wa tanga, vyombo vya namna hii hufungwa ili mchezaji ajue nguvu ya upepo kabla ya kuingia majini. Vijana wanaopanda mbao zinazovutwa na vishada huko Paje, Unguja, huuliza swali lile lile la nahodha wa kale. Rubani naye huuliza hilo hilo katika Kiwanja cha Ndege cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, kwani ndege hupaswa kuruka na kutua ikiukabili upepo. Hata hivyo, chombo cha uwanja wa tambarare hakiwezi kuusemea mteremko wa Meru, ambako hewa hupanda mchana kwa joto la jua na kushuka usiku kwa baridi. Kila mahali pana upepo wake, na pastahili kipimo chake.

Jambo hili si la mchezo peke yake. Aprili 1872 kimbunga kiliivamia Unguja, kikaangusha mikarafuu na minazi, kikavunja vyombo bandarini. Hapakuwa na wa kuwaonya watu. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, tahadhari ilikwisha kutangazwa. Tofauti ya siku hizo mbili ni vipimo, na kumbukumbu zilizotunzwa mwaka hata mwaka.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Upepo ni mali ya taifa. Kila shule yetu ina mlingoti wa bendera; bendera hiyo huonyesha upepo utokako na nguvu yake. Mwalimu na wanafunzi wakiiandika habari hiyo asubuhi, adhuhuri na jioni, na wasiache, baada ya miaka kumi kijiji kitakuwa na elimu ambayo hakuna mgeni awezaye kukiletea. Majina tumeachiwa na wazee. Daftari ni kazi yetu.