Magurudumu mapya ya baiskeli ya mbio: Vipimo kwanza, wepesi baadaye

MWENDESHA baiskeli ya mbio anapopata fedha ya kuboresha chombo chake, mara nyingi hufikiria magurudumu kwanza. Ni uamuzi wenye mantiki, lakini pia ni wenye gharama. Seti moja ya magurudumu ya kaboni huweza kuzidi bei ya baiskeli nzima ya aluminiamu, na tofauti ya milimita mbili tu hutosha kuifanya isifungike.

Septemba 2025, Kigali ilikuwa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, ambapo Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za wanaume za kilomita 267.5. Magurudumu ya kaboni yenye rimu zilizorefushwa yalionekana kila upande. Hata hivyo, nyuma ya waendeshaji wale yalifuata magari yenye mafundi na magurudumu ya akiba. Mtu anayetoka Tegeta kwenda Bagamoyo, au Nairobi kwenda Limuru, hana gari la namna hiyo. Kwake yeye, uchaguzi sharti uanzie mahali pengine.

Vipimo visivyokubali kubahatisha

Jambo la kwanza ni breki. Gurudumu la breki za diski halina ukuta wa kubanwa na mipira ya breki, na gurudumu la breki za kubana rimu halina mahali pa kufungia diski. Moja haliwezi kushika nafasi ya lingine.

Breki za diski ziliruhusiwa rasmi katika mbio za kulipwa za barabarani mwaka 2018, na tangu hapo watengenezaji wakubwa wamezielekeza baiskeli zao mpya huko. Mwenye baiskeli ya zamani ya kubana rimu bado hupata magurudumu mapya, lakini aina zake ni chache kuliko zilivyokuwa.

La pili ni ekseli. Baiskeli nyingi za breki za rimu hutumia ekseli nyembamba inayokazwa kwa wenzo mdogo, na nafasi kati ya ncha za fremu ni milimita 100 mbele na 130 nyuma. Nyingi za kisasa za diski hutumia ekseli nene ya milimita 12 inayopenya hadi upande wa pili, kwa nafasi ya milimita 100 mbele na 142 nyuma.

La tatu ni sehemu ya habu ya nyuma ambako kaseti ya gia huchomekwa. Shimano, SRAM na Campagnolo zina mifumo inayotofautiana. Hata ndani ya Shimano pekee, habu ya gia 11 za barabarani ni ndefu kwa milimita 1.85 kuliko ya gia 10. Kaseti ya gia 10 huweza kukaa kwenye habu ndefu kwa kuongezewa pete, lakini kaseti nyingi za gia 11 hazikai kwenye ile fupi.

Uzito na hesabu yake

Wauzaji hupenda kuzungumzia gramu. Hesabu yenyewe ni rahisi. Iwapo mwendeshaji na baiskeli yake wana jumla ya kilo 80, magurudumu yaliyopungua gramu 400 yameondoa nusu ya asilimia moja. Katika mlima unaopandwa kwa saa nzima, faida hiyo haizidi sana sekunde 18.

Ni kweli kwamba uzito ulio pembeni mwa gurudumu husikika zaidi wakati wa kuongeza kasi, kwa sababu lazima uzungushwe na kusogezwa mbele kwa pamoja. Lakini mwendo ukishatulia, gramu ya rimu na gramu ya chupa ya maji ni sawa.

Kwenye tambarare, kizuizi kikubwa ni hewa. Rimu yenye kimo cha milimita 40 hadi 60 huipasua vizuri kuliko rimu fupi, ingawa sehemu kubwa ya kizuizi hicho hutokana na mwili wa mwendeshaji mwenyewe. Rimu hiyo hiyo hushikwa na upepo wa ubavuni, hasa gurudumu la mbele. Mtu mwepesi anayeendesha kandokando ya bahari, au kwenye barabara yenye malori yanayopita kasi, atakuwa salama zaidi na rimu ya milimita 30 au 35.

Kaboni au aluminiamu

Kwa breki za kubana rimu, kaboni huhitaji tahadhari. Lazima itumiwe na mipira ya breki iliyotengenezwa kwa ajili yake. Katika mteremko mrefu, joto la breki huweza kudhoofisha gundi inayoshikanisha nyuzi za kaboni. Wakati wa mvua, rimu nyingi za aina hiyo huchelewa kushika.

Rimu ya aluminiamu hustahimili joto zaidi, na ikipinda kidogo fundi huweza kuinyoosha kwa kurekebisha spoki. Nayo huliwa polepole na breki. Ukuta wake ukianza kubonyea kwa ndani, umefika mwisho na hautakiwi kuendelea kutumika.

Idadi ya spoki nayo ina uzito wake. Gurudumu la spoki 20 likikatika moja huyumba kiasi cha kugusa breki au fremu, wakati lile la 32 mara nyingi humfikisha mwenyewe nyumbani. Spoki za chuma za kawaida, zenye shingo iliyopinda, ni rahisi kupata kuliko zile za muundo maalumu wa kampuni moja.

Tairi na upana wa rimu

Tairi za milimita 23 zilizotawala zamani zimepisha zile za 28 na 30, ambazo hutuliza mtikisiko na hupunguza pancha za kubanwa kwa tyubu. Kabla ya kununua, nafasi iliyopo ndani ya fremu na breki hupimwa, kwani breki nyingi za zamani hazipitishi tairi pana.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu rimu zisizo na ukingo wa ndani uliopinda kushikilia tairi. Hizi zinahitaji tairi iliyoidhinishwa kwa matumizi hayo, na upepo wake haupaswi kuzidi baa 5, yaani takriban pauni 72 kwa inchi ya mraba. Upepo ukizidi, tairi inaweza kuchomoka ghafla katika mwendo.

Kwa mwenye fedha kidogo, jozi ya tairi bora juu ya magurudumu ya zamani yaliyo mazima hutoa nafuu inayosikika mapema, kwa sehemu ndogo ya gharama. Atakayeendelea hadi magurudumu mapya ayarudishe kwa fundi baada ya safari chache za mwanzo, spoki zikaguliwe na kukazwa upya.