Mataifa manane na manowari isiyojengwa

Tarehe 4 Mei 1982, ndege ya Argentina ilifyatua kombora la Exocet likaipiga HMS Sheffield, manowari ya Uingereza, katika vita vya kugombea visiwa vya Falklands. Mabaharia 20 walikufa, na siku sita baadaye meli ikazama. Kombora hilo lilitengenezwa Ufaransa, mshirika wa Uingereza katika NATO.

Exocet huruka mita chache tu juu ya mawimbi, kwa hiyo rada huliona likiwa limeshakaribia, na nahodha huwa na sekunde za kuamua. Mwaka 1987, katika Ghuba, Exocet mbili za Iraq ziliipiga USS Stark zikaua Wamarekani 37, ilhali mzinga wake wa kujihami, Phalanx, haukufyatua hata risasi moja.

Miaka hiyohiyo mataifa manane ya NATO yalikuwa mezani: Marekani, Kanada, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Uholanzi na Hispania. Yalikusudia kubuni aina moja ya frigeti, yaani manowari ya kusindikiza meli nyingine, kuijenga kwa wingi na kugawana gharama. Mradi ukaitwa NFR-90. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hiki hakikufika hata majini. Kila nchi ilikuja na mahitaji yake, na hata kombora la kujihami halikuafikiwa. Uingereza ilijitoa 1989, na mapema 1990 mradi ukafa.

Waingereza wakajaribu tena na Wafaransa na Waitalia, katika mradi wa Horizon. Hapa, kwa maoni yangu, kila upande ulikuwa na hoja. Uingereza haikuwa imeisahau Falklands; ilitaka meli ya kulinda msafara mzima wa manowari mbali na nyumbani. Italia ilikuwa na Mediterania, ambako ndege zake za kivita ziko jirani. Ufaransa ilitaka mlinzi wa manowari zake za kubebea ndege. Aprili 1999 Uingereza ikajitoa tena, ila kombora la pamoja, Aster, ikabaki nalo. Ufaransa na Italia zikajenga Horizon nne. Uingereza ilipanga manowari zake yenyewe kumi na mbili, za Type 45, ikaishia na sita, kila moja kwa takriban pauni bilioni moja, na umeme wake ukawa unazimika kwenye maji ya joto! Ujerumani na Uholanzi nazo zilitumia rada za aina moja pamoja na makombora ya Kimarekani, lakini kila moja ikajenga frigeti zake.

Meli hizo zilikuja kukutana vitani katika Bahari ya Sham. Desemba 2023 HMS Diamond, moja ya Type 45, iliitungua droni kwa Aster. Mapema 2024 Hessen ya Ujerumani na Caio Duilio, Horizon ya Italia, nazo zikatungua droni za Wahouthi, waasi wa Yemen. Hessen ilikuwa imeshairushia makombora mawili droni ya Marekani, rafiki yake, kwa kudhani ni ya adui. Droni hiyo ilinusurika kwa sababu makombora hayo yalipata hitilafu.

Siku hizi washirika wanaona afadhali kununua mchoro wa mwenzao kuliko kuchora pamoja. Australia na Kanada zilichagua frigeti ya Type 26 ya Uingereza mwaka 2018, kisha kila moja ikaanza kuibadilisha. Norway ilipoichagua Agosti 2025 ilitaka meli zake zifanane na za Waingereza kadiri iwezekanavyo, na kati ya wanunuzi wote hao, ndiyo iliyosoma historia hii vizuri.