NENO “SABABU” KATIKA SHERIA: HISTORIA YA MSAADA KWA WAFANYAKAZI WA VIWANDA NCHINI MAREKANI

Utangulizi

Wanafunzi wetu wa somo la tafsiri hutuuliza mara kwa mara kwa nini tunawasumbua kwa tofauti ndogo ndogo za maana. “Kusababisha” na “kuchangia”, wanasema, si karibu ni kitu kimoja? Katika makala haya tunajaribu kuwajibu kwa historia badala ya sarufi. Tumechagua programu moja ya serikali ya Marekani ambayo, kwa takriban miaka 60, ilikusudiwa kuwasaidia wafanyakazi wa viwandani walioachishwa kazi kwa sababu ya bidhaa zilizoingizwa kutoka nje. Iliitwa Msaada wa Marekebisho ya Biashara. Tutaona kwamba maneno machache ya sheria yalitosha kumpa mfanyakazi riziki au kumnyima.

Ahadi ya mwaka 1962

Wazo lenyewe lilitoka katika vyama vya wafanyakazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, David McDonald, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, alitoa hoja kwamba iwapo serikali inapunguza ushuru wa forodha kwa manufaa ya taifa zima, basi taifa zima liwasaidie wale wachache watakaopoteza kazi. Seneta John F. Kennedy alilichukua wazo hilo. Alipokuwa Rais, liliingizwa katika Sheria ya Upanuzi wa Biashara aliyoitia saini Oktoba 1962.

Sheria hiyo ilimpa Rais uwezo wa kupunguza ushuru mwingi hadi nusu. Kwa upande wa pili ilimwahidi mfanyakazi atakayeathirika malipo ya hadi asilimia 65 ya wastani wa mshahara wake wa wiki, kwa muda wa hadi wiki 52, pamoja na mafunzo ya kazi nyingine. Ahadi hiyo ilisaidia sana kupata uungaji mkono wa vyama vya wafanyakazi.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Hata hivyo, tangu 1962 hadi karibu na mwisho wa mwaka 1969 hakuna hata kundi moja la wafanyakazi lililokubaliwa. Kizuizi kilikuwa katika lugha ya sheria yenyewe. Mwombaji alitakiwa kuthibitisha mambo mawili. Kwanza, kwamba bidhaa za nje ziliongezeka kwa sehemu kubwa kutokana na punguzo la ushuru. Pili, kwamba bidhaa hizo ndizo zilizokuwa sababu kuu ya kupotea kwa kazi. Tume ya Ushuru, iliyochunguza maombi, iliyasoma maneno hayo kwa ukali.

Tuchukue mfano wa kubuni wa kiwanda cha viatu. Mashine zimezeeka, mitindo imebadilika, mshindani wa jimbo jirani anauza kwa bei nafuu, na viatu vya nje vimejaa madukani. Ipi ndiyo sababu kuu? Fundi aliyekaa miaka 20 kwenye cherehani angeithibitishaje?

Kutoka “sababu kuu” hadi “kuchangia”

Sheria ya Biashara ya mwaka 1974 ililegeza masharti hayo. Uhusiano na punguzo la ushuru uliondolewa. Badala ya sababu kuu, ilitosha sasa kuonyesha kwamba bidhaa za nje “zimechangia kwa kiasi muhimu”. Aidha, sheria ilifafanua maana yake: sababu iliyo muhimu, lakini si lazima iwe muhimu kuliko sababu nyingine yoyote. Uamuzi ulihamishiwa Wizara ya Kazi, na wafanyakazi watatu tu waliweza kuwasilisha ombi kwa niaba ya wenzao.

Matokeo yake yalionekana wazi. Mwaka 1980, magari ya Japani yaliposhindana vikali na yale ya Marekani, malipo yalifikia kiasi cha dola bilioni 1.6, na sehemu kubwa ilikwenda kwa wafanyakazi wa viwanda vya magari. Mwaka uliofuata serikali ya Rais Ronald Reagan ilibana matumizi. Malipo yalishushwa hadi kiwango cha bima ya kawaida ya ukosefu wa kazi, na mtu alipaswa kumaliza bima hiyo kwanza. Wakosoaji walikuwa na hoja ambayo hatuwezi kuipuuza: kwa nini aliyepoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje apate zaidi kuliko jirani yake aliyepoteza kazi kwa sababu ya mashine? Njaa yao ni moja.

Je, programu ya kompyuta ni bidhaa?

Neno jingine lililoleta mgogoro ni “bidhaa”. Msaada ulikuwa kwa wale waliozalisha bidhaa. Kazi za kuandika programu za kompyuta zilipoanza kuhamia ng'ambo, waandishi wa programu waliachishwa na kuomba msaada. Wizara iliwakatalia, kwa hoja kwamba programu isiyowekwa katika kitu cha kushikika si bidhaa. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliamua kwamba programu ni bidhaa hata kama haishikiki. Wizara ilibadili msimamo wake mwaka huo huo. Mwaka 2009 Bunge liliongeza wafanyakazi wa huduma.

Mji wa Kannapolis na uhusiano wetu

Julai 2003 kampuni ya Pillowtex, iliyotengeneza mataulo na mashuka, ilifunga viwanda vyake. Zaidi ya watu 4,000 walipoteza kazi katika jimbo la North Carolina, wengi wao katika mji wa Kannapolis na vitongoji vyake. Wengi walikuwa watu wazima ambao hawakumaliza sekondari. Kwa msaada huo baadhi yao walirudi darasani katika chuo cha jamii cha eneo hilo, wakaanza upya kusoma na kufanya hesabu. Sisi walimu tunajua ujasiri unaohitajika kwa mtu wa miaka 50 kufungua daftari mbele ya vijana.

Hapa ndipo habari hii inapotugusa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2002 yaliitaja AGOA kwa jina: kiwanda kilichohamishia uzalishaji katika nchi inayonufaika na AGOA kilikuwa sababu tosha ya wafanyakazi wake kusaidiwa. Mwaka 2003, mwaka ule ule wa Pillowtex, kiwanda cha nguo cha Tri-Star kilifunguliwa Bugolobi, Kampala, chini ya mpango huo wa AGOA. Hakikudumu. Mabinti walioshona pale hawakuwa na sheria ya namna hiyo ya kuwashika mkono. Kwetu, neno “marekebisho” lilikuwa limekuja katika miaka ya 1980 na 1990 kwa sura nyingine, yaani marekebisho ya miundo ya uchumi, ambapo mfanyakazi ndiye aliyepunguzwa.

Hitimisho

Mamlaka ya programu hiyo yalikwisha, na tangu tarehe 1 Julai 2022 Wizara ya Kazi ya Marekani haikuweza tena kuidhinisha makundi mapya. Waliokuwa wameidhinishwa waliendelea kuhudumiwa.

Mwaka huo huo wa 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo inatubidi kuwaandaa wanafunzi wetu kutafsiri sheria za kazi. Tunapendekeza zoezi hili darasani: watunge kifungu kimoja cha sheria ya kuwasaidia wafanyakazi walioachishwa, kwanza kwa kutumia “sababu kuu”, kisha “kusababisha”, kisha “kuchangia”. Halafu wahesabu, kwa kila tafsiri, ni nani kati ya mafundi wa kile kiwanda cha viatu atakayeachwa nje.