Karatasi Tatu za Baba

Kadi ya KANU ya baba ilikaa kwenye mkebe wa majani ya chai, pamoja na hati ya shamba na risiti za karo yetu. Ilikuwa imechakaa pembeni, lakini hakuwahi kuitupa. Hadi leo ipo.

Mwaka wa 2002 mimi nilikuwa na kadi yangu ya kupigia kura, mpya kabisa. Nyumbani kwetu ni Sabatia, wilaya ya Vihiga wakati huo. Chama kwetu hakikuwa jambo la mjadala. Baba mkubwa alikuwa mwenyekiti wa tawi, na baba alimfuata kama alivyomfuata katika kila kitu tangu utotoni. Ukimuuliza kwa nini KANU, alikujibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula ugali.

Sasa najua kwamba mazoea hayo yalikuwa na historia yake. Mwaka wa 1966, wabunge waliomfuata Jaramogi Oginga Odinga kuingia KPU walilazimishwa kurudi kwa wananchi kuomba kura upya. Miaka mitatu baadaye KPU ikapigwa marufuku. Mwaka wa 1982 Katiba ikabadilishwa, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Kwa kizazi cha baba, basi, kutoka KANU hakukuwa kuhama chama. Kulikuwa kuhamia gizani.

Halafu ikaja 1988, mlolongo. Katika mchujo wa mwaka huo wanachama walipanga foleni nyuma ya wagombea au wawakilishi wao, wakahesabiwa mchana kweupe, na aliyepata asilimia 70 hakuhitaji tena kura ya siri. Baba aliniambia kitu kimoja tu kuhusu siku hiyo: alisimama kwenye foleni ambayo moyo wake haukuitaka, kwa sababu chifu alikuwa pale anaangalia. Hakutaja mgombea alikuwa nani. Alisema tu kwamba jua lilikuwa kali na alijionea aibu.

Vyama vingi viliporudi, alibaki palepale. Moi alishinda mwaka wa 1992 kwa takriban asilimia 36 ya kura, na 1997 kwa takriban asilimia 40. Maana yake ni kwamba Wakenya wengi walikuwa wameshamkataa mara mbili, ila walimkataa kwa mafungu mafungu. Baba hakuwa mmoja wao.

Kilichomtikisa ni mwaka wa 2002 wenyewe. Tarehe 18 Machi, pale Kasarani, KANU ilimeza chama cha NDP cha Raila Odinga. Raila akawa katibu mkuu. Uhuru Kenyatta, Kalonzo Musyoka, Katana Ngala na Musalia Mudavadi wakawa manaibu wenyekiti. George Saitoti, makamu wa rais, akajikuta nje ya orodha. Sisi Sabatia tulishangilia kwa sababu Mudavadi ni wetu. Alikuwa mbunge wetu tangu 1989, alipochukua kiti kilichoachwa na babake. Tulihesabu vidole: Moi anaondoka, manaibu ni wanne, mmoja ni wetu. Hesabu haikuwa mbaya.

Julai Moi akatangaza kwamba chaguo lake ni Uhuru. Alikuwa na miaka 40, alikuwa ameanguka Gatundu Kusini mwaka wa 1997, na bungeni alikuwa ameingia mwaka uliotangulia tu, tena kwa kuteuliwa. Watu wakamwita mradi wa Moi. Baba alizima redio. Siku hiyo hakusema neno, na kesho yake alisema moja: "Huyu kijana hajanikosea kitu. Lakini mimi nilichukua kadi ya chama, sikuchukua kadi ya urithi."

Nataka kuwa makini hapa, kwa sababu tukisimulia mwaka wa 2002 tunapenda kusema watu walimchukia Uhuru. Kwetu haikuwa hivyo. Watu walichukia namna alivyoletwa. Mzee ambaye mwaka wa 1988 alipangwa kwenye foleni alikuwa anapangwa tena, ila safari hii chifu hakuwa na nguvu ya kumtisha.

Baba mkubwa hakukubali. Kwake kadi ilikuwa kiapo. "Mwenye nyumba akikukaribisha mgeni usiyempenda, utabomoa nyumba?" alimuuliza baba. Baba akamjibu, "Kwani mwenye nyumba ni nani, kaka?" Ulikuwa mwaka ambao msemo "KANU ina wenyewe" ulikuwa mdomoni mwa kila mtu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimsikia baba akimjibu kakake hivyo. Walikaa wiki kadhaa bila kutembeleana, na boma zao zinatenganishwa na ua wa michongoma tu.

Tarehe 14 Oktoba wajumbe wa KANU walimwidhinisha Uhuru Kasarani. Siku hiyohiyo, Uhuru Park, Raila na wenzake wa Rainbow waliokuwa wametoka KANU walikuwa mbele ya umati mkubwa, na Raila akatamka yale maneno mawili: "Kibaki tosha." Wiki moja baadaye NARC ikazaliwa. Kibaki mwenyewe alikuwa mtoto wa KANU, na aliwahi kuwa makamu wa Moi kwa miaka kumi. Anakumbukwa pia kwa kusema kwamba kujaribu kuiondoa KANU ni kama kukata mti wa mugumo kwa wembe. Sasa yeye ndiye alishika wembe.

Mudavadi alikuwa miongoni mwa walionung'unika mwanzoni, kisha akarudi upande wa Moi. Novemba akafanywa makamu wa rais. Hapo ndipo mambo yalikuwa magumu kwa baba. Angeweza kumkataa mgombea wa Moi bila kumpoteza mtoto wa nyumbani? Sokoni Chavakali vijana hawakuwa na shida hiyo. Walitania kwamba Krismasi hii watakula jogoo, wakimaanisha alama ya KANU. Nilicheka nao. Mimi nilikuwa NARC kutoka juu hadi chini na nilijiona shujaa kweli, ingawa sikuwa na chochote cha kupoteza.

Ijumaa tarehe 27 Desemba tulienda kupiga kura pamoja, baba na mimi, bila kuzungumza njiani. Kila mtu alipewa karatasi tatu: rais, mbunge, diwani. Mwaka huo kura zilihesabiwa palepale vituoni. Kibaki, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya barabarani mwanzoni mwa mwezi huo, alipata takriban asilimia 62. Uhuru alipata 31, akakubali kushindwa. Na Sabatia, makamu wa rais akapoteza kiti chake kwa Moses Akaranga wa NARC.

Baba alikaa kwenye veranda kimya. Nilidhani anafurahi. Ilichukua miaka kabla hajaniambia alichofanya: rais alimpa Kibaki, mbunge na diwani aliwapa KANU. "Mimi nilitaka kuvua kofia tu," alisema. "Wenzangu wakavua na suruali."

Tulicheka, lakini nimeyafikiria sana maneno hayo. Majirani walimwona Mudavadi kama mtu aliyechagua kubaki na Moi, wakamwadhibu pamoja naye. Miaka mitano baadaye walimrudisha bungeni kwa tiketi ya ODM, na hakuna aliyeona ajabu. Baba alitaka kusema jambo dogo zaidi, kwamba chama ni chake pia. Katika matokeo ya mwisho hakuna safu ya kuandikia jambo kama hilo. Kura yake ilihesabiwa Kibaki moja, KANU mbili, basi.

Agosti 2022 nilikuwa nyumbani. Uhuru, sasa rais anayeondoka, alikuwa amewaonyesha watu wa Mlima Kenya mtu wake, Raila, na wengi wao wakampigia William Ruto, ambaye mwaka wa 2002 alikuwa kwenye kampeni ya Uhuru huyohuyo. Mudavadi alikuwa na Ruto. Kalonzo alikuwa na Raila. Wajukuu walikuwa wanabishana nani msaliti wa nani.

Baba aliniagiza nimletee ule mkebe. Akatoa kadi, akaiweka mezani kati ya vikombe.

"Hawa wote mnaogombania," alisema, "walikuwa na hii. Wameshaitupa zamani. Aliyebaki nayo ni mimi."

Kisha akauliza kama kuna chai imebaki.