Mlango Uliao na Jicho Lionalo

Livingstone alilifikia Ziwa Nyasa mwaka 1859, lakini hakuuona upeo wake wa kaskazini. Ndipo mwaka 1875 E. D. Young, akiwa na meli Ilala, alipofika pande hizo za Kyela. Atakaye kujua jinsi wageni walivyoukosea ufuko huo hana budi kuzilinganisha ramani za kabla na za baada. Ikikatwa karatasi moja, ushahidi umekwenda.

Je, mlango wenye king'ora huzuia hasara hiyo? Mlango huo huhisi utepe wa sumaku uliofichwa kitabuni. Karatasi iliyokatwa haina utepe, hupita kimya. Mwaka 2005, katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, mwuza ramani Forbes Smiley hakunaswa na king'ora: mtumishi wa maktaba aliona wembe sakafuni. Smiley alikiri kuiba ramani 97 katika maktaba kadhaa.

King'ora humkumbusha aliyesahau, na humtisha mwenye tamaa ya ghafla. Aliyejiandaa hushindwa na jicho. Wazee wetu wa pwani waliandika wakfu kwenye kurasa za vitabu, ili kila akionaye kitabu ajue hakiuzwi. Basi atakayeijengea Kyela maktaba, kabla ya kununua mlango, na amtafute mtu azijuaye kurasa zake.