Historia ya Taa ya Mpiga Picha

Mtu atokaye katikati ya jiji la Nairobi kwa barabara ya Waiyaki, akazipita Westlands na Kangemi, hufika Uthiru, mpakani mwa jiji na Kaunti ya Kiambu. Watu wengi walijua jina la mahali hapo kwa sababu ya maabara ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, iliyoanzishwa huko mwaka 1973. Lakini sisi leo hatwendi maabarani. Tunakwenda katika sebule moja ya kawaida, siku ya Jumamosi jioni, ambamo wazee wa pande mbili wamekutana kuzungumza mambo ya mahari. Dirisha ni moja, na pazia lake limeshushwa. Darini pana taa moja ya umeme. Mbele wameketi wajomba na baba wadogo waliovaa suti; nyuma yao, karibu na ukuta, ameketi nyanya wa bibi arusi, naye amejifunga kitambaa kichwani. Kijana mwenye kamera amesimama mlangoni. Ameambiwa apige picha itakayotundikwa ukutani miaka yote ijayo, na shughuli hiyo haitarudiwa kwa ajili yake.

Akipiga bila taa, picha itakuwa nyeusi, au itatikisika. Akipiga kwa taa ya kumulika, ile ambayo wapiga picha huiita flashi, na akaielekeza mbele moja kwa moja, wajomba watang'aa kama sahani iliyopakwa mafuta, na nyanya atapotelea gizani. Kwa hiyo swali la kijana yule, yaani anunue flashi ya namna gani, si dogo kama lionekanavyo. Mtu asiyeijua historia yake hununua kwa kufuata maneno ya mwuza duka.

Picha ni kazi ya mwanga, na kwa muda mrefu mwanga ulikuwa wa jua tu. Wapiga picha wa karne ya 19 walijenga vyumba vyenye mapaa ya vioo, na vitabu vya Ulaya viliwafundisha kuelekeza kioo upande wa kaskazini, kwa kuwa huko kwao jua halipiti upande huo, na mwanga wake ni mpole siku zote. Hapa naomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo. Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi moja na kitu tu. Kwa hiyo tangu katikati ya Machi mpaka mwisho wa Septemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Mtu ambaye angefuata kitabu kile neno kwa neno huku kwetu angewachoma wateja wake kwa jua nusu ya mwaka.

Mwaka 1864 huko Manchester, Uingereza, ilianza kuuzwa madini ya magneziamu iliyofuliwa ikawa utepe mwembamba. Utepe huo ukiwashwa hutoa mwanga mweupe mkali sana, na mwaka ule ule Alfred Brothers, mpiga picha wa mji huo, alipiga picha ya mtu kwa mwanga wake. Mwaka uliofuata mwanga huo uliletwa Afrika. Charles Piazzi Smyth, mtaalamu wa nyota kutoka Scotland, aliingia ndani ya Piramidi Kuu ya Giza, nchini Misri, mahali ambapo jua halijafika tangu mawe yalipopangwa, akapiga picha kwa kuchoma magneziamu. Kasoro yake ilionekana upesi: magneziamu ikiungua huacha moshi mweupe mzito, na ndani ya piramidi hakuna upepo wa kuuondoa.

Kisha ikaja baruti. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magneziamu na dawa zenye kutoa oksijeni, wakapata unga uwakao kwa mara moja na kuzimika. Huko New York mwandishi Jacob Riis aliuchukua unga huo usiku, akaingia nao katika vyumba vya maskini, ili matajiri wayaone maisha ambayo walikuwa wakisema hawayajui. Kitabu chake kilitoka mwaka 1890 na kiliwastua watu wengi. Yeye mwenyewe alikiri kwamba mara mbili aliiwasha moto nyumba aliyokuwa akiipiga picha, na mara moja alijiwasha mwenyewe.

Afrika Mashariki unga huo ulipata umaarufu wake kwa njia ya ajabu. Mwaka 1903 Mjerumani Carl Georg Schillings alisafiri katika nyika za Wamasai, kusini mwa Kilimanjaro, nchi ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Wajerumani. Alikuwa na msafara wa wapagazi waliobeba vichwani kamera nzito, sahani za kioo, na unga wa kulipuka. Mchana watu wake walimfunga ng'ombe au punda mahali ambapo simba hupita, wakatega kamera na uzi; usiku mnyama alipokuja na kugusa uzi, unga uliwaka na picha ikapigwa. Ndivyo Schillings alivyopata simba wakiwinda, fisi, na pundamilia kwenye maji, wanyama ambao ulimwengu ulikuwa haujawaona namna walivyo usiku. Kitabu chake kilichotangazwa Leipzig mwaka 1905 kiliitwa Mit Blitzlicht und Büchse, maana yake kwa mwanga wa flashi na kwa bunduki, na hakika vitu hivyo viwili vilikwenda pamoja katika safari yake. Miaka michache baadaye, mwaka 1909, Arthur Radclyffe Dugmore alifanya kazi kama hiyo upande wa Kenya.

Sina nia ya kuidharau kazi ya Schillings. Ilihitaji uvumilivu mkubwa, naye baadaye alipigania kuhifadhiwa kwa wanyama wale wale aliokuwa amewawinda. Lakini msomaji na atazame jambo moja. Mwanga huo ghali ulioletwa katika nchi hizi ulimulikwa juu ya simba na fisi. Wapagazi walioubeba mgongoni na kichwani, walioutega, na waliokesha karibu na hatari yake, walibaki nje ya mwanga huo. Kwa maoni yangu, historia ya flashi kwetu sisi ni historia ya safari ya mwanga huo kutoka kwa simba mpaka kwa nyanya aliyeketi nyuma sebuleni.

Safari hiyo ilikuwa ndefu. Kati ya mwaka 1929 na 1930 Ujerumani na Uingereza zilianza kuuza balbu za flashi: chupa ndogo ya kioo yenye karatasi nyembamba ya alumini ndani ya oksijeni. Moshi ukaisha, na hatari ya kuunguza nyumba ikapungua. Lakini kila balbu iliwaka mara moja tu, kisha ikatupwa. Kila picha ilikuwa na bei yake, na mpiga picha alihesabu balbu zake kama askari anavyohesabu risasi. Ndiyo maana watu wa miji yetu walipotaka picha nzuri walikwenda studio, kama vile Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza huko Zanzibar mwaka 1930, ambako mteja aliketi chini ya taa zilizokwisha kupangwa. Mteja ndiye aliyeufuata mwanga, si mwanga uliomfuata mteja.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, katika uwanja ulio kando ya barabara ya Lang'ata, Nairobi, taa zilizimwa saa sita. Bendera ya Uingereza ikateremshwa gizani, na taa zilipowashwa tena bendera ya Kenya ilikuwa ikipanda. Katika usiku kama huo flashi ya mkononi haina msaada kwa bendera iliyo juu ya mlingoti wa mbali. Kazi yote ni ya taa kubwa za uwanja. Sababu yake wanafunzi wa fizikia wanaijua. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga hubaki robo. Ukizidi mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Kanuni hii haibagui uwanja na sebule. Mjomba aketiye mita 2 kutoka kwa kamera na nyanya aketiye mita 4 hawapati mwanga ule ule: nyanya hupata robo ya ule wa mjomba. Hilo ndilo giza linalommeza.

Flashi tuitumiayo leo ilitokana na kazi ya Harold Edgerton wa Massachusetts, Marekani, ambaye tangu mwaka 1931 alitumia umeme uliokusanywa ndani ya kapasita, kisha ukaachiwa ghafla kupita katika mrija wenye gesi. Mrija huo huweza kuwaka maelfu ya mara. Mwaka 1965 ilitokea flashi iliyokuwa na jicho la kupima mwanga unaorudi na kujizima yenyewe ukitosha. Na mwaka 1975 kamera ya Olympus OM-2 iliweza kuupima mwanga wa flashi ukiwa juu ya filamu yenyewe. Bei ziliposhuka, kijana aliweza kutoka studioni na kuzifuata sherehe za watu. Malick Sidibé wa Bamako, Mali, alikuwa amekwisha onyesha njia katika miaka ya 1960 kwa kuwapiga picha vijana kwenye dansi za usiku, nao wakatoka wakicheka, viatu vikiruka.

Lakini lile jicho la kupima lilikuja na ujinga wake. Limefundishwa kwamba ulimwengu, ukichanganywa wote, una rangi ya kijivu cha kati. Likiona gauni jeupe la bibi arusi na ukuta mweupe, hudhani mwanga umezidi, huukata, na uso mweusi wa bibi arusi huwa mweusi zaidi ya alivyoumbwa. Filamu za rangi nazo zilikuwa na upendeleo wao: kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Watu wa kampuni hiyo wameeleza baadaye kwamba malalamiko ya watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, waliotaka rangi zao za kahawia zionekane tofauti, yalikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya waitengeneze filamu upya. Chokoleti ilisikilizwa upesi kuliko watu.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Akienda katika maduka ya Luthuli au Moi Avenue ataonyeshwa kwanza nguvu ya flashi, iliyoandikwa kwa namba. Namba hiyo ni umbali kwa mita ukizidishwa kwa kipimo cha tundu la lenzi: flashi ya namba 40, kwa wepesi wa ISO 100, humfikia mtu aliye mita 5 kwa tundu la 8. Lakini watengenezaji wengi huipima namba hiyo mwanga ukiwa umebanwa kama wa tochi, jambo ambalo hakuna alifanyaye sebuleni. Asidanganyike nayo.

Atafute kwanza flashi yenye kichwa kinachogeuka juu na pembeni. Kwa kukielekeza darini, dari nzima huwa taa. Mwanga humshukia mjomba na nyanya kwa kiasi kilicho karibu sawa, na ngozi nyeusi, ambayo uzuri wake huonekana zaidi kwa mng'ao kuliko kwa weupe, hupata mng'ao mpana na laini mahali pa doa la jasho kwenye paji la uso. Hapo ndipo nguvu huwa na faida, kwa kuwa safari ya kwenda darini na kurudi huweza kuacha robo tu ya mwanga, au chini ya hapo. Pili, iwe na njia ya kuongeza au kupunguza mwanga kwa mkono, ili aweze kulisahihisha jicho la kupima lidanganyikapo na gauni jeupe. Flashi isiyo na jicho kabisa ni rahisi zaidi kwa bei, nayo humfaa mtu mwenye subira; lakini shughuli ya mahari haina subira.

Dari nazo si za namna moja. Dari nyeupe ya mbao ni rafiki. Mabati matupu hurudisha mwanga vibaya, kwa mistari. Ukuta wa kijani huwapaka wazee wote rangi ya kijani. Na hema la arusi lililopambwa kwa vitambaa vya zambarau huwapaka zambarau. Mahali kama hapo kipande cha manila nyeupe kilichofungwa nyuma ya kichwa cha flashi kwa mpira hufanya kazi kuliko vifaa vingi vya bei kubwa. Betri nazo ziwe za kuchajiwa, seti mbili, maana kapasita hujaa polepole betri zikichoka, na mzee hatarudia kunyanyua kikombe kwa sababu flashi haikuwaka.

Sebule ile ya Uthiru ina dari nyeupe. Kijana hupiga picha moja ya kujaribu, ya mtoto anayemimina chai, kabla wazee hawajaanza kusema. Huitazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera, huongeza mwanga kidogo, hugeuza kichwa cha flashi juu na nyuma kidogo, hupiga tena. Mara ya pili nyanya aliye karibu na ukuta anaonekana wote, pamoja na maua yaliyo katika kitambaa chake.